Makaratasi ya Profesa Shaghalabaghala

Wenzake walimwita Mama Penseli, na jina hilo hakulichukia. Katika hifadhi ya nyaraka ya chuo kikuu, mtu aliyeingia na kalamu ya wino mfukoni alinyang'anywa mlangoni kama aliyekutwa na kisu. "Penseli tu," alikuwa akisema, "kwa sababu binadamu hukosea, na wino hausamehe." Vijana wa mafunzo waliiga sauti yake wakati wa chai, wakacheka mpaka wakapaliwa, kisha wakarudi kazini na penseli zao zimechongwa vizuri.

Asubuhi hiyo alikuwa amevaa gauni lake la hafla. Mjane wa profesa alikuwa amepiga simu kwamba yuko njiani, na Mama Penseli hakuwa na shaka anafuata nini. Anakuja kushukuru.

Na kusema haki, shukrani alistahili. Marehemu profesa alikuwa bingwa wa sheria za kimataifa, amefundisha vizazi vya mawakili na amesimama mbele ya majaji wa mataifa, lakini makaratasi yake yalikuwa kituko. Watu walimwita Profesa Shaghalabaghala. Ilisimuliwa kwamba siku moja alimkabidhi jaji orodha ya nguo za dobi badala ya hoja zake, na jaji akaisoma mpaka kwenye soksi ndipo akashtuka. Alipofariki, familia ilitoa makasha yake kwa chuo. Ndani yake hotuba zilikuwa zimelaliana na risiti za maziwa, na mikataba ya nchi na nchi ilikuwa imefungwa pamoja na kadi za harusi. Watunza nyaraka wengine walichungulia kasha la kwanza, wakakumbuka kwamba wana likizo. Mama Penseli akapandisha mikono ya gauni.

Kitovu cha mkusanyiko ule kilikuwa kesi ya Kamanda, yule aliyechoma makazi ya bondeni na watu wakiwa ndani. Waliosalimika walikubali kuzungumza na profesa kwa sharti moja: majina yao yasiandikwe popote. Kila mmoja alitoa maelezo yake, na kila mmoja akachora kwa mkono wake pale aliposimama siku ile, nyumba, mlango, kisima, njia. Maelezo yote yalikuwa kwenye kasha moja. Michoro ilikuwa imetapakaa, huu ndani ya kamusi, ule kwenye bahasha ya bili ya maji, mwingine umetumika kama alama ya ukurasa katika kitabu cha mapishi.

Mama Penseli aliiokota mmoja mmoja. Ndipo akaona kutu. Zamani kila mchoro ulikuwa umebanwa na maelezo yake kwa pini, pini zikashika kutu, na kila pini iliacha doa la namna yake. Akakaa na kioo cha kukuzia, akalinganisha doa na doa, tundu na tundu, mpaka maelezo ya kila mtu yakapata mchoro wake. Akaandika namba nyuma ya kila karatasi, kwa penseli, kwa mkono mwepesi. Mwongozo wa mkusanyiko ulipochapishwa, ulisema bila kusita: kila mchoro uko pamoja na maelezo yake. Habari ya kutu hakuitaja. Aliiweka akiba kwa ajili ya hotuba yake kwenye mkutano wa watunza nyaraka, maana kila mpishi ana kiungo asichokitaja mpaka wageni wamalize kula.

Mkurugenzi, ambaye alikuwa karibu kustaafu, aliusoma mwongozo ule akatamka mbele ya wafanyakazi wote kwamba sasa kiti chake kimepata mtu. Mama Penseli alikuwa amekingoja kiti hicho ujana wake wote. Usiku huo alilala akitabasamu, na mtu mzima akilala hivyo ujue amefurahi kweli.

Mjane aliingia bila kubisha hodi. Alikuwa mwanamke mfupi, amejitanda vizuri, na mkononi alishika mwongozo umekunjwa kama fimbo. Mama Penseli alimvutia kiti. Hakukaa.

"Nimesomewa huu jana jioni," alisema. "Nani aliyevikutanisha?"

"Nini, Mama?"

"Maneno na michoro. Nani aliyevirudisha pamoja?"

"Ni mimi, Mama." Bado alikuwa anatabasamu. "Vilikuwa vimechanganyika vibaya."

"Mume wangu hakuwahi kuchanganya kitu asichokusudia kukichanganya." Sauti ya mjane ilikuwa ya chini. "Maharage alikuwa hali mpaka yachambuliwe mara mbili, na mara ya pili anachambua mwenyewe. Soksi anazipanga kwa rangi. Fujo uliyoikuta ilituchukua masika nzima, mimi na yeye, mezani. Mimi nachomoa pini, yeye anaficha."

Mama Penseli alikumbuka hadithi ya jaji na dobi. Akaitaja, sijui kwa nini. Labda ulimi ulitafuta pa kushika.

"Aliisambaza mwenyewe," mjane alisema. "Na watu wakaipenda. Mtu wa fujo hakuna anayemuuliza kwa nini karatasi hii iko hapa."

"Lakini kwa nini asingeichoma tu hiyo michoro?"

"Kwa sababu watu wale walimwambia wameshachomewa vya kutosha. Walitaka ijulikane kilichotokea, ila isijulikane nani kasema. Maneno peke yake yanasema kilichotokea. Michoro peke yake inasema kilichotokea. Ukiviweka pamoja, mwanangu, vinasema nani kasema."

Mama Penseli akashika ukingo wa meza. Aliona vizuri sasa, na alitamani asione. Maelezo ya mmoja wao yalisema: nilimsikia kwa masikio yangu akiamuru moto uwashwe. Mchoro wake ulionyesha dirisha la pembeni, kisima mbele yake, na ngazi mbili za mawe. Mtu yeyote anayelijua bonde lile angejua dirisha ni la nani.

"Kamanda ametoka gerezani," mjane aliendelea. "Amerudi kwake. Anauliza watu, polepole, kwa upole."

"Waliobaki hai ni nani?"

"Wengi wametangulia. Fundi seremala yupo. Na mkunga yupo. Nyumba ileile, dirisha lilelile. Yeye ndiye aliyesikia amri."

Ofisi ya Mama Penseli ilitenganishwa na chumba cha kusomea kwa kioo. Tangu kufunguliwa asubuhi alikuwemo msomaji mmoja tu, bwana nadhifu mwenye miwani, aliyekuja na barua nzuri ya utambulisho. Aliacha simu yake kwenye kabati bila kunung'unika. Alinawa mikono bila kuambiwa, na kwa hilo Mama Penseli alimpenda. Alikuwa ameomba majalada ya kesi ya Kamanda, yote, kwa mpangilio wa mwongozo.

Mjane alifuata macho yake, akamwona. Akarudi nyuma hatua moja, ukutani.

"Huyo alikuja msibani," alisema. "Alinipa pole, akala, akanawa, na kabla ya kuaga akaniuliza kama mzee aliacha michoro yoyote. Nikaulizia ni nani. Amemuoa binti wa Kamanda."

Kanuni ya chumba kile ilikuwa jalada moja mezani, basi. Ukimaliza, unagonga kengele ya kaunta, unaletewa lingine. Mezani kwa bwana yule kulikuwa na jalada la kwanza. Mjane aliuliza limebeba akina nani, Mama Penseli akaeleza michoro ilivyo, na mjane akatikisa kichwa: wote wale walikuwa wameshazikwa. Mkunga alikuwa kwenye jalada la pili. Seremala pia.

Kengele ikalia.

Mama Penseli alimwashiria msomaji kwa mkono kwamba anakuja, akamtabasamia kupitia kioo, kisha akaingia stoo na mjane nyuma yake. Alilishusha jalada la pili kutoka rafuni.

"Nitabadilisha," alisema. "Maneno ya mkunga nitayawekea mchoro mwingine."

"Wa nani?"

Mama Penseli akapekua jalada, mchoro baada ya mchoro.

"Ukimwekea wa seremala," mjane alisema, "utakuwa umemtoa seremala. Naye ana watoto."

Wakatazamana kati ya rafu. Feni ya chumba cha kusomea ilisikika ikikwaruza. Hapo Mama Penseli alielewa shida yake ilivyo, na ilikuwa mbaya kuliko alivyodhani. Haitoshi karatasi kuwa na kosa. Bwana yule alikuwa na mwongozo, na mwongozo uliaminika kwa sababu aliyeuandika aliaminika. Hata karatasi zikichanganywa namna gani, angejua zilishawahi kupatana na zinaweza kupatana tena.

"Lazima asiamini hata mchoro mmoja," alisema taratibu. "Hata ile aliyokwisha kuiona."

"Ndiyo."

"Basi lazima asiniamini mimi."

Mjane alimsogelea. Alimshika mkono, akaubana. "Mkataba wa zawadi unaniruhusu kuchukua vyetu kama vimetunzwa ovyo," alisema. "Kipengele hicho alikitia mzee mwenyewe. Nitakayoyasema mbele za watu, mwanangu, nisamehe kabla sijayasema."

Mama Penseli alichukua kifutio mezani. Alitoa michoro yote ya majalada yaliyobaki, akaigeuza kifudifudi, akaanza kufuta namba zake mwenyewe, zile namba ndogo nzuri alizokuwa akizionea fahari. Penseli ilitii. Alifuta, akapuliza, akafuta. Kengele ikalia mara ya pili, kwa adabu, mara moja tu. Mjane alikuwa akiipokea michoro na kuichanganya kama mtu anayechanganya karata, bila kuitazama, na ilionekana mikono yake imeshaifanya kazi hiyo zamani.

Mama Penseli alipotoka, alibeba jalada lenye maelezo peke yake.

Bwana alilifungua, akapekua, akainua macho. "Samahani, Mama. Michoro haimo."

"Nimeitoa." Alisikia sauti yake ikiwa ya kawaida, akashangaa. "Nimegundua kosa. Michoro haikuwa imewekwa na maelezo yake."

"Mchoro mmoja tu, au?"

"Yote. Hata hiyo iliyo mbele yako."

Bwana aliweka penseli chini, akaifanya ilale sambamba na ukingo wa meza. "Mwongozo unasema kila mchoro uko pamoja na maelezo yake. Hausemi huenda."

"Nilikisia."

"Mtu hakisii mkusanyiko mzima." Hakupandisha sauti. "Lazima ulitazama kitu. Ulitumia ushahidi gani?"

Mbele yake karatasi mbili za jalada la kwanza, ambalo kwa haraka Mama Penseli alisahau kulichukua, zilikuwa bado wazi, maelezo kushoto, mchoro kulia. Kidole gumba chake kilikuwa kimetulia kwenye kona ya maelezo. Chini ya kidole kile kulikuwa na doa la kutu, lenye umbo la punje ya mchele iliyovunjika. Kwenye kona ya mchoro, upande wa pili, punje ileile ilikuwa imelala wazi. Angeinua kidole tu. Angetazama kushoto, kisha kulia, na angegundua. Mama Penseli alijizuia asiangalie huko, na kujizuia kutazama kitu ni kazi ngumu kuliko kuinua gunia.

"Ukubwa wa karatasi," alisema. "Na rangi ya wino. Zilizofanana nikaziweka pamoja. Palipokosekana nikabahatisha. Nilitaka mkusanyiko upendeze."

"Upendeze."

"Ndiyo."

Bwana alimtazama kwa muda mrefu. Kidole gumba kilikuwa kinasugua kona ya karatasi, taratibu, bila mwenyewe kujua. "Naomba kumwona mkurugenzi wako," alisema.

Mkurugenzi alikuja akivaa koti njiani. Alikuwa mtu wa haki, mzito wa maneno, ambaye aliweza kusikiliza pande zote mbili za ugomvi na bado kila upande ukatoka umeridhika. Alisikiliza malalamiko mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Mama Penseli.

"Ulikisia?"

"Nilikisia, Mkurugenzi."

"Wewe?"

Neno hilo moja lilimwingia kuliko matusi. Alijua angeweza kulijibu. Kutu, pini, matundu, kioo cha kukuzia, kazi safi kuliko zote alizowahi kuzifanya. Jibu zima lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na ulimi ulimwasha. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, lakini safari hii ungeponza kichwa cha mtu mwingine, mwanamke asiyemjua, aliye nyumbani kwake dirishani.

"Mimi," alisema. "Nilifanya haraka. Samahani."

Hapo mlango wa stoo ukafunguliwa kwa kishindo, na mjane akatoka na michoro imejaa mikononi.

"Haya ndiyo matunzo?" alisema, na sauti ile ya chini ya asubuhi ilikuwa imetoweka. "Tumewapa kazi ya maisha ya mtu, mnaichezea bahati nasibu? Mume wangu watu walimcheka kwa fujo. Sawa. Lakini fujo yake ilikuwa ya kweli. Huyu amemtungia uongo. Mwanamke mzima, na gauni zuri, anakaa anabuni mambo ya maiti za watu."

"Mama, tafadhali," mkurugenzi alianza.

"Usinitafadhalishe. Soma mkataba. Vikitunzwa ovyo, familia inachukua. Michoro inarudi nyumbani leo, na mimi ndiye nitakayeiweka mahali isikochezewa."

Mama Penseli alisimama akipokea. Alikuwa amesamehe mapema, kama alivyoombwa, lakini mwili haukuwa umeambiwa. Mashavu yaliwaka moto. Kwenye kaunta vijana wawili wa mafunzo walikuwa wamesimama wamebeba majalada, midomo wazi.

Mjane alifika mezani, akakusanya michoro ya jalada la kwanza, akanyoosha mkono kwa mmoja uliobaki. Bwana alikuwa ameushika kwa vidole viwili. Hakuuachia.

"Nilikuwa bado nasoma," alisema.

"Mwanangu, ulikula msiba wake. Mwache apumzike."

Karatasi ikanyooka kati yao. Mkurugenzi akakohoa. Bwana akaachia. Mjane aliutumbukiza mchoro ule katikati ya mingine na kuifunga yote kwa mtandio wake, fundo juu ya fundo.

Bwana alivaa koti, akachukua simu yake kabatini. Mlangoni aligeuka akamtazama Mama Penseli kuanzia viatu mpaka nywele, na yeye akajilazimisha kuinamisha kichwa kama mtu aliyeumbuka, jambo ambalo halikuhitaji uigizaji. Alimwona akipima. Kisha akaona uso wa bwana ukilegea na kuwa na dharau ndogo, akajua ameaminika. Kuamini kwamba mwenzako ni mjinga ni jambo jepesi. Watu hulifanya kila siku bila ushahidi wowote.

"Watu husafiri mbali kwa ajili ya kazi kama hizi," bwana alisema. "Pole na kazi."

Baadaye mkurugenzi alimwita ofisini, akafunga mlango, akavuta kiti. "Niambie kuna sababu," alisema. "Nakujua. Niambie tu kuna sababu, nitajua pa kuanzia."

Alitaka kumwambia. Alikuwa anampenda mzee yule. Lakini mkurugenzi alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki huandika ripoti. Ripoti ingekwenda kwenye baraza la chuo, mihtasari ya baraza ingerudi hifadhini, na hifadhini ingesomwa na yeyote aliyenawa mikono. Kanuni hiyo aliipigania yeye mwenyewe.

"Hakuna sababu," alisema.

Mzee alivua miwani, akaisafisha, ingawa haikuwa chafu.

Siku hiyohiyo Mama Penseli alitoa hotuba yake ya mkutano kwenye droo, akaipitisha kwenye mashine ya kukatakata karatasi, ukurasa mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuharibu karatasi yenye maana. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, maana ilikuwa hotuba nzuri sana.

Mwongozo uliondolewa. Kiti cha mkurugenzi kilipewa mwanamume mwingine, ambaye zamani alifundishwa na Mama Penseli namna ya kufunga kasha. Mama Penseli alihamishiwa kazi ya kubandika lebo, na akazibandika zikiwa zimenyooka. Hadithi ilienea kama zinavyoenea, ikanona njiani. Ilipofika kwenye vitivo vya mbali, alikuwa tayari amechora michoro ile mwenyewe. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa imekwenda zake nyumbani na mtandio wake, haisemi kitu.

Mvua zilipoanza, simu ya mezani ililia.

"Hujambo, mwanangu?" Ilikuwa sauti ya chini, ile ya asubuhi ya kwanza.

"Sijambo, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sina neno. Nimepata habari za bondeni. Kamanda ameacha kuuliza. Na juzi mkunga kazalisha mapacha, mtoto wa pili alikuja kwa miguu, kamgeuza kwa mikono yake. Wote wazima. Hakujui, wala hatakujua. Nimeona tu nikwambie."

Mama Penseli alishukuru. Akaweka simu chini, akabaki ameishika.

Nje koridoni kijana mgeni wa mafunzo alikuwa anauliza mahali pa kupeleka kasha lisilo na lebo. "Muulize Mama Shaghalabaghala," sauti nyingine ikamjibu, na kicheko kikafuata. Yule mgeni, ambaye hakujua kuwa ni utani, akabisha mlango na kuita jina hilo kwa heshima zote.

Alifuta macho, akachukua penseli yake.

"Naam," akaitika. "Ingia."